Watu 21, viwanja vitatu, mfuko mmoja: kwa nini kunyoosha mikono kunatuponza vikundini

Mshika Daftari (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa walio kwenye VICOBA, vyama vya kufa na kuzikana, vikundi vya kazini, hata kamati za ukoo. Popote watu wanapochanga pesa halafu inabidi waamue pamoja wanunue nini. Ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Mimi nashika daftari kwenye kikundi kimoja hapa Dar. Tunataka kununua eneo. Tumezunguka, tumechuja, yamebaki matatu: moja Chanika, moja Kerege njia ya Bagamoyo, moja Kigamboni. Bei nimezinyoosha ili hesabu isomeke: Chanika milioni 24, Kerege milioni 36, Kigamboni milioni 48. La Chanika halijapimwa, karatasi yake ni ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa. Kerege limepimwa na hati ipo, ila maji ni ya kisima cha jirani na nguzo ya umeme haijafika. Kigamboni hati ipo, maji yapo, umeme upo, lami unaiona ukisimama kwenye kona ya eneo. Bei ndiyo hiyo.

Watu 21 tumegawanyika hivi:

Wanane wanataka Chanika. Ikishindikana, Kerege. Kigamboni hawataki hata kuisikia.
Saba wanataka Kigamboni. Ikishindikana, Kerege. Chanika mwisho.
Sita wanataka Kerege. Ikishindikana, Kigamboni. Chanika mwisho.

Mwenyekiti akasema jamani tumalize, tunyooshe mikono. Mimi nikaomba tusogeze mbele hadi kikao kinachofuata, na sababu ndiyo hii ninayoileta hapa.

Tukinyoosha mikono, Chanika 8, Kigamboni 7, Kerege 6. Chanika imeshinda. Lakini tazama vizuri: watu 13 kati ya 21 wameiweka mwisho kabisa. Tungenunua kitu ambacho wengi wetu ndicho wasichokitaka kuliko vyote, na muhtasari ungeandikwa "wanachama kwa wingi wa kura wameridhia".

Tukipiga duru mbili, wa mwisho anatoka halafu wawili wanapambanishwa, Kerege inatoka na kura zake 6. Hao sita wanahamia Kigamboni. Kigamboni 13, Chanika 8. Mshindi Kigamboni.

Sasa kila mtu apange yote matatu: la kwanza alama 2, la pili alama 1, la mwisho sifuri. Chanika inapata 16. Kigamboni 20. Kerege 27. Na hata ukiyapambanisha mawilimawili, Kerege inaipiga Chanika 13 kwa 8 na inaipiga Kigamboni 14 kwa 7. Ile iliyoshika mkia kwenye mikono ndiyo inayowashinda wenzake wote uso kwa uso.

Watu walewale, mapenzi yaleyale, hakuna aliyebadili mawazo. Washindi watatu tofauti. Kwa hiyo anayechagua namna ya kuhesabu ana nguvu kuliko anayepiga kura, na kwenye vikundi vyetu huyo huwa ni mwenyekiti, tena bila mtu kumuuliza.

Jambo hili ni la zamani. Njia ya alama aliipeleka Mfaransa mmoja, Borda, mwanamaji na mtu wa hesabu, mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1770. Ile ya kupambanisha mawilimawili inahusishwa na Mfaransa mwenzake, Condorcet, aliyeandika mwaka 1785. Hawakukubaliana, na wataalamu wanabishana mpaka leo. Hata nchi zetu haziko njia moja. Kenya kwa katiba ya 2010, mgombea urais asipovuka nusu ya kura kuna duru ya pili. Tanzania tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2000, mwenye kura nyingi kuliko wenzake anachukua hata kama hajafika nusu.

Hapo bado sijagusa vigezo, na ugomvi wetu hasa uko kwenye vigezo.

Tulipokaa kamati ndogo tukavipa viwanja alama, sifuri hadi kumi, kwa mambo manne: bei, hati, usafiri, maji na umeme. Cha ajabu, kwenye alama tulielewana haraka. Chanika: bei 10, hati 3, usafiri 5, maji na umeme 4. Kerege: 6, 9, 6, 6. Kigamboni: 2, 8, 8, 9. Hakuna aliyebisha kwamba Kigamboni ni ghali au kwamba karatasi ya Chanika ni dhaifu. Tulishikana mashati pale tulipouliza kipi kina uzito zaidi.

Mweka hazina na wenzake wanasema bei ibebe 50 kwenye 100, hati 20, usafiri 15, maji na umeme 15. Zidisha ujumlishe: Chanika 6.95, Kerege 6.60, Kigamboni 5.15.

Wanaotaka kujenga mapema wanasema bei 20, hati 20, usafiri 30, maji na umeme 30. Kigamboni 7.10, Kerege 6.60, Chanika 5.30.

Waliowahi kuumizwa na ardhi (na wapo, mmoja eneo lake liliuzwa mara mbili) wanasema hati 40, bei 30, yanayobaki 15 kwa 15. Kerege 7.20, Kigamboni 6.35, Chanika 5.55.

Umeona? Wote wanakubaliana kuhusu viwanja. Hawakubaliani kuhusu maisha yao. Mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi na mtu anayenunua kwa ajili ya wajukuu hawawezi kuupa umeme uzito mmoja, na hakuna kati yao aliyekosea. Ukiwalazimisha wanyooshe mkono kwa ajili ya kiwanja, unawafanya wabishane kuhusu kitu wanachokubaliana na wanyamazie kile wanachotofautiana.

Jambo jingine ambalo nalipigia kelele kila kikao. Ukimuuliza mtu "bei ina uzito gani kwako?" atakwambia bei ndiyo kila kitu. Swali limekaa vibaya. Muulize hivi: toka Chanika hadi Kigamboni tofauti ni milioni 24. Gawa kwa watu 21, ni kama milioni 1 na laki 1 na arobaini kila mmoja. Uko tayari kuongeza pesa hiyo upate hati, maji, umeme na lami? Hapo mtu anakaa kimya, anapiga hesabu ya mfukoni, anakupa jibu la kweli. Na kama viwanja vingekuwa milioni 34, 36 na 38, tofauti ingekuwa laki 1 na tisini hivi kwa mtu, na kuipa bei 50 kungekuwa kichekesho hata kwa mweka hazina. Uzito wa kigezo unatokana na pengo lililopo kati ya vitu ulivyonavyo mezani. Ukiutoa kichwani kabla ya kujua pengo, umeutoa hewani.

Halafu kuna ujanja wa kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Mjumbe wetu mmoja alileta orodha ya vigezo ina "ukaribu na lami", "usafiri wa daladala" na "umbali toka stendi". Hicho ni kigezo kimoja kimevaa nguo tatu. Anayependa Kigamboni hahitaji kubishana kuhusu uzito, anaongeza tu mistari.

Pendekezo langu kwa kikao kijacho: kwanza tukubaliane masharti ya kukitoa kiwanja nje bila kujali alama zake. Pili kila mmoja aandike uzito wake kwenye karatasi, peke yake, bila jina. Tatu tuzisome zote, wale waliotofautiana sana waeleze kwa nini. Nne ndipo tuzidishe. Na tukubaliane kwa maandishi namna ya kuhesabu kabla hesabu haijafanyika.

Naomba kuwasilisha. Mwenye uzoefu ashushe.

Ngosha Mtulivu

Mkuu umetupiga na hesabu asubuhi yote hii. Kwetu hatuna habari ya 6.60. Tunakaa, tunaongea, kila mtu anatoa lake, tunarudi, tunaongea tena mpaka tunaelewana. Wazee walifanya hivyo na hakuna aliyeondoka na kinyongo. Kura ndiyo inayogawa watu.

Mshika Daftari

Ngosha, sipingi kuongea, hatua ya tatu ni kuongea. Ninachokiogopa ni kikao kinachoamuliwa na anayeweza kukaa muda mrefu zaidi. Kwenye kikundi chetu saa 12 jioni wapo wanaotakiwa kwenda kufungua genge na wapo wasio na haraka. Saa 2 usiku "tumeelewana", na ukihesabu waliobaki ni tisa.

Binti Makorora

Hapo umegusa penyewe. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa kikundi mchanganyiko. Kwenye ule mchanganyiko mwenyekiti alikuwa na tabia ya kufungua mjadala kwa kusema "mimi binafsi naona..." Akishasema hivyo imeisha. Nani atapinga? Ni mtu mzima, ni shemeji wa huyu, anamdai yule. Wanaofuata wote wanaanza na "naunga mkono hoja ya mwenyekiti".

Tulichofanya huku ni kitu kidogo sana. Karatasi kwanza, maneno baadaye. Na kwenye maneno anaanza mdogo kuliko wote, mwenyekiti anasema wa mwisho. Kikao cha kwanza walicheka. Binti mmoja aliyejiunga juzijuzi akasema mashine ya kusaga tunayotaka kununua inahitaji umeme wa njia tatu na mtaa wetu hauna. Wenzake ishirini na ushee walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya injini na bei ya fundi. Angeanza mwenyekiti kusema "mimi binafsi naona tununue", yule binti asingefungua mdomo.

Mzee wa Zabuni

Nimefanya kazi kwenye manunuzi miaka mingi, nimestaafu, naweza kusema mawili matatu bila kumtaja mtu.

Anachokisema mleta uzi ndiyo msingi wa tathmini ya zabuni. Vigezo na uzito wake vinaandikwa kwenye nyaraka za zabuni na kila mwombaji anavisoma kabla hajaleta bahasha. Bahasha zikishafunguliwa huruhusiwi kuongeza kigezo wala kubadili uzito, hata kama kamati nzima imepata wazo zuri usiku. Kwa nini? Kwa sababu mtu akishamjua mwombaji, uzito unaanza kutembea wenyewe kuelekea kwa rafiki yake. Hata asipokusudia.

Kwenye kazi za ushauri kuna jambo la pili. Bahasha ya kiufundi na ya fedha zinatenganishwa. Unatathmini ufundi kwanza, kuna alama za chini ambazo asiyezifikisha bahasha yake ya fedha haifunguliwi. Bei ni tamu sana. Ukiiona mapema, ubovu wote unaanza kuonekana mdogo.

Kwa kikundi chenu ningesema hivi: alama za hati, usafiri, maji na umeme zitolewe na watu ambao hawajaambiwa bei.

Mshika Daftari

Mzee shikamoo. Hilo la kuficha bei limenifikirisha, ila kwetu limechelewa, kila mtu anazijua bei. Kwa kikundi kinachoanza sasa ni zuri sana.

Kuhusu alama za chini: ndiyo yale masharti ya kutolewa nje niliyoyataja. Nadhani hapa ndipo mahesabu ya uzito yanapodanganya watu. Kujumlisha kunafanya kila kitu kifidiane. Chanika ina 3 ya hati lakini 10 ya bei inaifunika. Je, kama ile 3 maana yake ni kwamba kuna kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Hakuna bei inayofidia hilo. Eneo lenye mgogoro, au la mume anayeuza bila ridhaa ya mke, linatakiwa litoke kabla ya kupewa alama yoyote.

Mchokozi wa Jioni

Wakuu mnaamini watu sana. Hiyo ya alama 2, 1, 0 mimi ningekuwa kwenye kundi la Kigamboni ningeiua dakika tano. Najua mpinzani wangu ni Kerege. Basi nawaambia wenzangu saba: Kerege iwekeni mwisho, Chanika ya pili. Kerege inashuka, sisi tunapita. Kwisha habari.

Mshika Daftari

Mchokozi, ngoja tuipige hiyo.

Saba wakidanganya hivyo: Chanika 16 jumlisha 7, inakuwa 23. Kerege 27 toa 7, inabaki 20. Kigamboni ileile 20. Mshindi Chanika, ambayo ninyi saba ndiyo mnaichukia kuliko zote. Mmejichimbia.

Na wale wanane wa Chanika wakijaribu mchezo huohuo, Kerege mwisho na Kigamboni ya pili, Kigamboni inapanda hadi 28 na Kerege inabaki na 19. Wanapewa kiwanja cha milioni 48 ambacho hawana uwezo nacho. Watu wanne tu wakifanya hivyo inatosha kuharibu, 24 kwa 23.

Lakini hoja yako ina mashiko, kuna migawanyiko mingine ambapo udanganyifu ungelipa. Borda mwenyewe anasimuliwa kuwa alipoambiwa hivyo alijibu kwamba njia yake ni ya watu waaminifu. Jibu la mtu aliyeshindwa hoja, kwa maoni yangu. Dawa yake ndogo ni karatasi zikusanywe zote kwa pamoja kabla mtu hajajua wenzake wako wapi. Mdanganyifu anahitaji kujua hesabu ya wengine, bila hiyo anacheza kamari.

Chama cha Kitengela

Niko Kenya, chama chetu pia ni cha mashamba. Hii ya duru za kutoana inanikumbusha kura ya Olimpiki ya 2012, ile iliyopigwa Singapore Julai 2005. Miji mitano. Duru ya kwanza London 22, Paris 21, Madrid 20, New York 19, Moscow 15. Moscow ikatoka. Duru ya pili Madrid ikaruka mbele ya wote: Madrid 32, London 27, Paris 25, New York ikatoka na 16. Sasa mtu angesema Madrid wameshapata. Duru ya tatu London 39, Paris 33, Madrid 31. Aliyeongoza duru iliyopita ameenda nyumbani. Mwisho London 54, Paris 50.

Sitaki kusema London hawakustahili. Nasema mpangilio wa nani anatoka lini ndio uliobeba mambo. Na wale wapiga kura walikuwa na ripoti ya tathmini ya kila mji mezani, si watu wa kubahatisha.

Huku chama chetu tuliachana na duru. Tunapanga yote kwenye karatasi mara moja.

Mgogo Mjini

Niongeze la makao makuu, maana huo ni uamuzi wa kikundi mkubwa kuliko yote. Nigeria walipotaka kuhama Lagos waliunda jopo Agosti 1975 chini ya Jaji Akinola Aguda. Jopo liliorodhesha vigezo na kuvipa uzito unaojumlishwa kufika 100. Kuwa katikati ya nchi kulipewa 22, afya na hali ya hewa 12, ardhi 10, maji 10, na vingine vikafuata kwa uzito mdogo. Wakapima maeneo, wakatoa ripoti Desemba mwaka huohuo, na Februari 1976 ikatoka amri ya kuanzisha eneo la Abuja. Serikali ilihamia rasmi Desemba 1991.

Sasa jiulize, kwa nini kuwa katikati kulizidi maji mara mbili na zaidi? Nchi ilikuwa imetoka vitani mwaka 1970, kila upande unaogopa mji mkuu kuwa wa mwenzake. Uzito ule ni siasa ya nchi imeandikwa kwa tarakimu. Na mimi naona ni afadhali hivyo, maana imeandikwa, mtu anaweza kuibishia.

Dodoma nayo TANU waliamua 1973, na kuwa katikati ya nchi kulikuwa hoja kubwa. Sisi wenyeji tulijua tangu zamani kwamba ukikipa kigezo cha maji uzito mkubwa, Dodoma haipiti. Wanaopata maji ya visima vya Mzakwe kwa mgao wananielewa.

Ngosha Mtulivu

Kwa hiyo Mgogo unasema wangepanga uzito mwingine mngebaki na zabibu zenu bila foleni. 😂

Mchumi Uchwara

Wakuu kabla hamjaanza kutafuta njia isiyo na kasoro, acheni. Mmarekani Kenneth Arrow alionyesha mwaka 1951 kwamba vitu vikiwa vitatu au zaidi, hakuna namna ya kuunganisha mipangilio ya watu ambayo itatimiza masharti machache ya haki kwa wakati mmoja, labda mumpe mtu mmoja aamue peke yake. Alipata Nobel ya uchumi 1972. Kuna hata migawanyiko ambayo A anampiga B, B anampiga C, halafu C anampiga A, mnazunguka mpaka asubuhi. Mleta uzi ana bahati, kikundi chake Kerege inashinda wote uso kwa uso. Siku nyingine inayoshinda wote hivyo haitakuwepo.

Kwa upande wa uzito, kama watu wanapata shida kugawa 100, kuna njia ya Thomas Saaty: unalinganisha vigezo viwiliviwili, hiki kinazidi kile kwa kiasi gani, moja hadi tisa. Faida yake inakukamata ukijipinga. Ukisema hati inazidi bei, bei inazidi maji, halafu maji yanazidi hati, hesabu inakuumbua. Ubaya wake vigezo vikifika kumi unalinganisha jozi 45, na akina mama wa Binti Makorora watakufukuza.

Binti Makorora

Watamfukuza kwenye jozi ya saba.

Dereva wa Mbagala

Samahani wakuu, mimi si msomi. Nauliza kama mmoja wa wale wanane. Mnasema bei uzito huu bei uzito ule. Mtu ambaye hana hiyo milioni na laki moja ya kuongeza, uzito wake ni ngapi? Maana mkishapiga wastani mkasema Kerege, mimi nadaiwa tofauti ya Chanika na Kerege, sina, natolewa kwenye kikundi, michango yangu ya nyuma narudishiwa nusu kwa katiba yenu. Kwangu hiyo inanitoa mimi nje, si kiwanja.

Mshika Daftari

Kaka hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye uzi huu.

Nilipiga wastani wa watu wote 21, wanane wa Chanika kwa uzito wa mweka hazina, saba wa Kigamboni kwa ule wa wanaotaka kujenga mapema, sita wa Kerege kwa ule wa walioumizwa na ardhi: Kerege 6.77, Kigamboni 6.14, Chanika 6.00. Inaonekana imeisha. Ila wastani unamchukulia mtu anayesema "napendelea nafuu" na mtu anayesema "sina" kuwa wamesema kitu kimoja. Hawajasema kitu kimoja. Wa kwanza anaweza kushawishiwa, wa pili hawezi.

Kwa hiyo kwenye zile karatasi naongeza mstari mmoja: kiwango cha juu ambacho huwezi kukivuka hata iweje. Bila jina. Wakitokea hata watatu chini ya bei ya Kerege, hatuzidishi chochote, tunarudi kuvibadilisha viwanja vyenyewe. Toka Chanika hadi Kerege ni milioni 12, kama laki 5 na sabini kila mmoja. Naweza kumwendea muuzaji wa Kerege nikamuuliza kama anapokea kwa awamu. Au wenye uwezo waweke zaidi na mgao wa eneo ufuate mchango. Watu tunabishana wiki nzima kuhusu vitu vitatu kana kwamba vimeshushwa toka mbinguni, wakati bei ya kiwanja ni mdomo wa muuzaji.

Mzee wa Zabuni

Awamu ni sawa, ila mkataba uandikwe na mwanasheria na pesa ipite benki, asipewe mtu mkononi.

Halafu niulize jambo. Mmehangaika na hati ya muuzaji, vizuri. Hati yenu ninyi itaandikwa jina la nani? Kikundi kimesajiliwa kwa namna inayokiruhusu kumiliki ardhi? Nimeona kikundi kilinunua eneo kwa jina la mwenyekiti "kwa muda", mwenyekiti akafariki, watoto wakalirithi. Kuna njia ya bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, au kugawa eneo na kila mtu awe na chake. Hizo njia zina gharama na muda, na eneo ambalo halijapimwa kama hilo la Chanika litawapa kazi zaidi.

Mshika Daftari

Hilo halipo kwenye vigezo vyetu vinne, na nadhani halistahili hata kuwa kigezo. Naliweka kwenye masharti ya kwanza kabisa, juu ya mgogoro na ridhaa ya mwenzi. Kesho naenda halmashauri na cheti chetu cha usajili nimuulize afisa ardhi. Kikao ni Jumapili, nitaleta mrejesho.